Barua kwa Mwanangu Kuhusu Michezo

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipokea. Unauliza kwa nini watu wazima wenye majukumu hulia hadharani kwa sababu mpira umegonga mwamba badala ya kuingia wavuni, na kama jamii ingepungukiwa na chochote endapo mashindano yote yangefutwa.

Nianze na mchezo wenyewe. Katika shughuli nyingi tunatafuta njia nyepesi ya kupata tunachokitaka, lakini mwanamichezo huikataa njia hiyo kwa hiari yake. Ingekuwa haja ni kufika tu, hakuna ambaye angekwenda marathoni kwa miguu. Katika Olimpiki ya mwaka 1904, mjini St. Louis, Mmarekani Fred Lorz alichoka njiani, akapanda gari kwa sehemu kubwa ya safari, kisha akaingia uwanjani wa kwanza huku akishangiliwa, mpaka ukweli ulipobainika na ushindi akapewa Thomas Hicks (ambaye naye, usicheke, wasaidizi wake walikuwa wakimnywesha striknini, sumu ambayo kwa kiasi kidogo huchangamsha mwili, ili asianguke, kwa kuwa wakati ule dawa hazikuwa zimekatazwa). Mwaka 1968 mjini Mexico City, John Stephen Akhwari wa Tanzania alianguka na kuumia goti, lakini aliendelea hadi mwisho, akamaliza zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Medali hakupata, na alijua hatapata. Hata hivyo, kwa kanuni za mbio Akhwari alifika, na Lorz hakufika kabisa.

Mchezo, basi, ni makubaliano: tunajiwekea vikwazo visivyo vya lazima, tunavikubali sote kwa usawa, na tunashindana mbele ya mashahidi. Nadhani hapo ndipo nguvu yake katika jamii inapotoka, kwa maana mtu anayeambiwa kwamba sheria ni moja kwa wote, kisha akazuiwa mlangoni, huuona uonevu huo kwa macho yake, na wengine huuona pia. Desemba 1920 mechi ya wanawake katika uwanja wa Goodison Park, Liverpool, ilivutia watazamaji wapatao 53,000. Mwaka uliofuata chama cha soka cha Uingereza kikavizuia vilabu vyake kuwapa wanawake viwanja, kwa madai kwamba mchezo huo hauwafai, na zuio hilo likadumu kwa takriban nusu karne. Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi ilizuiwa kushiriki Olimpiki kuanzia 1964, ikarudi 1992. Waliolalamika kwamba siasa zinaingizwa michezoni walisahau kwamba siasa zilikwisha kuingia zamani, pale mwanariadha mweusi alipokataliwa kuiwakilisha nchi yake.

Sisemi kwamba michezo huwafanya watu kuwa wema. Mwaka 1936 utawala wa Hitler uliandaa Olimpiki mjini Berlin kwa fahari kubwa, mwanariadha mweusi Jesse Owens akashinda dhahabu nne, na ubaguzi ukaendelea Ujerumani na vilevile nyumbani kwake Marekani. Michezo inaweza kuuonyesha uonevu, lakini kuuondoa ni kazi ya wengine.

Kuhusu machozi, mimi siyadharau. Katika maisha ya kawaida ni nadra kujua kwa uhakika nani alistahili na nani alipendelewa. Kazi hupatikana au hukosekana kwa sababu ambazo hatuelezwi. Uwanjani, kwa dakika 90, juhudi na matokeo huonekana pamoja, na hata bahati mbaya huonekana wazi. Kwa hiyo mtu hulia akijua hasa anachokililia.

Lakini kuhusu kufuta, nakubaliana nawe kwa sehemu. Viwanja vikubwa vinavyojengwa kwa fedha za umma kwa ajili ya mashindano ya wiki chache, kisha vikabaki vitupu, sina la kuvitetea. Ila cha kwanza ambacho ningekifuta ni upangaji wa matokeo, kwa kuwa huo unayavunja makubaliano yenyewe. Wachezaji wanane wa besiboli wa Chicago walishtakiwa kwa kuuza fainali ya mwaka 1919. Mahakama haikuwatia hatiani, lakini mwaka 1921 uongozi wa mchezo wao uliwafungia maisha. Nikumbushe tukionana tuijadili adhabu hiyo ya kufungiwa, kwa sababu mimi naiona ya haki, na nakisia wewe utaipinga.

Baba yako