Dadangu wa Brooklyn, kabla hujafunga virago kuja Columbus

Wiki iliyopita dada mmoja wa Brooklyn, New York, aliniandikia inboksi, meseji ndefu kweli kweli. Anasema kodi imemkaba koo, analipia vyumba viwili pesa ambazo mamake kule Likoni akitajiwa anadhani ni za mwaka mzima, na amesikia Columbus, Ohio nyumba ni kama za bure, sasa je, aje? Nilianza kumjibu nikaona maneno hayaishi, na swali hili nimeulizwa na watu wengi mno tangu tuhame, kwa hiyo leo nalijibu hapa hapa ili na wengine msome.

Mimi na mume wangu tulihama kutoka Jersey City, jimbo la New Jersey, jirani na New York, tukaja hapa Columbus Agosti 2021 na watoto wawili. Leo tuna nyumba yetu, vyumba vitatu, besimenti, na nyuma kuna kiwanja nimepanda sukuma na mchicha. Najivunia, sioni haya kusema, kwa sababu wakati tunaondoka kuna mtu wa karibu sana aliniuliza mbele ya watu, "Mnaenda kuishi na ng'ombe?" na wote waliokuwepo wakacheka, na baadhi yao nilikuwa nimewapikia pilau kwenye shughuli zao. Hilo sijalisahau.

Wala Columbus si kijiji. Sensa ya 2020 ilihesabu watu zaidi ya laki tisa ndani ya mipaka ya jiji, yaani ni wengi kuliko Boston, na ni makao makuu ya jimbo, na Chuo Kikuu cha Ohio State peke yake kina wanafunzi zaidi ya elfu sitini. Lakini ukitoka Jersey ambako ulikuwa unashuka ngazi tu unapanda treni ya PATH saa yoyote ya usiku ukafika Manhattan, utaona tofauti siku ya kwanza. Hapa hakuna treni. Sisemi ni chache, hakuna kabisa, treni ya mwisho ya abiria iliondoka 1979 na mpaka leo haijarudi.

Sasa tuje kwenye hesabu maana ndiyo inayowaleta watu wote. Kule tulikuwa tunalipa dola 1,950 kwa chumba kimoja cha kulala karibu na Journal Square, watoto wanalala sebuleni, na mwenye nyumba akatuambia inapanda iwe 2,250. Huku tukapata vyumba vitatu vya ghorofa, upande wa Morse Road, kwa dola 1,180. Nilipoonyeshwa ile nyumba nilifungua kabati la jikoni nikalifunga, nikalifungua tena, kabati lilikuwa refu naweza kuweka sufuria zote na mbuzi ya nazi na bado nafasi ikabaki. Nikamwambia mume wangu, hapa hapa, hatuendi kuangalia nyingine.

Ndipo nilipokosea, kwa sababu hesabu yangu iliishia kwenye kodi.

Kwanza mshahara. Mimi nafanya kazi ya kuhudumia wazee. New Jersey nilikuwa nalipwa dola 17.50 kwa saa, huku nikaanzia 15. Mwaka ule kima cha chini cha Ohio kilikuwa dola 8.80 wakati New Jersey kilikuwa 12, kwa hiyo waajiri wa huku wakikupa 15 wanaona wamekutendea wema mkubwa. Pili cheti. Nilidhani cheti changu cha CNA, yaani msaidizi wa nesi, nitakionyesha tu niingie kazini, kumbe Ohio walikuwa wanaiita STNA na lazima jina lako lihamishiwe kwenye rejista yao kwanza, na mimi sikutuma makaratasi kabla ya kuhama, nikakaa wiki saba bila kipato tunakula akiba. Wiki saba na watoto wawili! Kama wewe ni nesi au CNA, anza mambo ya laisensi ukiwa bado uko huko huko, usije ukaanzia huku.

Tatu gari. Jersey hatukuwa na gari na hatukulihitaji. Mume wangu akapata kazi weahausi upande wa Groveport, kwa sababu huku maghala ndiyo mengi, barabara kuu za I-70 na I-71 zinakutana hapa hapa na kuna uwanja wa ndege wa mizigo wa Rickenbacker, basi kazi za weahausi hazikosekani. Lakini kufika huko kwa basi ilikuwa saa moja na dakika arubaini, mabasi mawili na kutembea, na shifti ya usiku ikiisha basi la kwanza bado halijaanza. Alivumilia wiki tatu. Tukanunua Corolla ya 2012 kwa dola 7,800 taslimu, akiba ikaisha yote, na baada ya miezi minne tukalazimika kununua la pili maana shifti zetu zinapishana na watoto lazima wapelekwe. Weka bima mbili, weka mafuta, weka na chumvi wanayomwaga barabarani msimu wa baridi ambayo inakula gari chini pole pole. Kwa hiyo zile dola mia saba na kitu nilizofurahia kuokoa kwenye kodi ya nyumba, nusu yake ilimezwa na magari.

Na nne, ambayo hakuna aliyeniambia na nataka uisome mara mbili: ushuru wa jiji. Jiji la Columbus lina ushuru wake wa mapato, asilimia 2.5, mbali na ule wa serikali kuu na wa jimbo. Nyumba ya wazee niliyokuwa nafanya kazi iko nje ya mipaka ya jiji, kwenye eneo lisilo na ushuru huo, kwa hiyo hawakunikata kitu, mimi nikadhani sidaiwi. Kumbe ukiishi ndani ya jiji unadaiwa hata ufanyie kazi wapi. Mwaka 2022 nilipata kama dola 34,000 pamoja na ovataimu, ikaja barua nadaiwa 850, na juu yake faini kwa kuchelewa. Nililia kwenye ngazi nimeshika ile barua, si kwa ajili ya ukubwa wa pesa, ni kuona kwamba kila nikiinua kichwa kuna kitu kipya. Ukipata kazi Ohio, siku ya kwanza uliza: mnanikata ushuru wa jiji ninaloishi au hamkati?

Lakini hayo yote ni pesa, na pesa ikienda inarudi. Ngoja niseme lililoniuma.

Januari 2022, miezi mitano tangu tuhame, babangu alifariki Mombasa. Nilikuwa shifti ya usiku. Nilipofika nyumbani asubuhi nikiwa bado na yunifomu, mume wangu alikuwa ameshatoka kupeleka watoto shule na kutoka huko anaenda kazini, hawezi kuomba ruhusa maana alikuwa bado kwenye majaribio. Kule maziko yalikuwa baada ya Alasiri, saa kumi na robo, huku kwetu ni saa mbili na robo asubuhi. Nikaegemeza simu kwenye kopo la sukari mezani, ndugu yangu ananionyesha kwa WhatsApp, picha inakwama, inarudi, inakwama, naona kanzu nyeupe na mchanga mwekundu halafu inakwama tena. Nje jirani anakwangua theluji na sepetu, krr, krr, krr. Mpaka leo nikisikia ile sauti nakumbuka babangu.

Na hakuna aliyekuja. Jersey nyumba ingejaa, kina mama wa Pwani wangekuja na sufuria, mmoja anakuna nazi, mmoja anashika watoto, khitma ingesomwa siku hiyo hiyo. Kile kikundi chetu cha kina mama nilikichangia miaka sita bila kukosa mwezi hata mmoja. Walinitumia ujumbe wa pole kwenye grupu, na mwezi uliofuata wakanitoa kwa sababu "hayuko tena eneo hili". Nimesamehe lakini nimeandika.

Ila nikae nikiwalaumu wao peke yao? Miezi mitano nilikuwa Columbus na sikumjua mtu hata mmoja kwa jina. Kila ovataimu iliyotokea niliichukua. Kulikuwa na msikiti dakika kumi kwa gari na sikuwahi kushuka. Ijumaa iliyofuata baada ya maziko ndiyo nilikwenda, nikakaa nyuma nalia, mama mmoja mtu mzima wa Kisomali Bantu akanishika mkono akaniuliza kwa Kiswahili, "Mwanangu, umefiwa?" Alikaa miaka mingi kambini Dadaab, Kiswahili anacho. Jumapili akaja kwangu na binti zake wawili na sinia ya wali, na khitma ya babangu ikasomwa kwenye ile sebule ambayo mpaka siku hiyo ilikuwa na godoro tu na televisheni. Huyo ndiye mamangu wa huku mpaka leo.

Kwa hiyo nakwambia, watu kwanza, makochi baadaye. Columbus ina Wasomali wengi sana, baada ya Minnesota ndiyo jamii kubwa ya Wasomali Marekani, wapo Wakongomani wanaozungumza Kiswahili, wapo Wakenya wa bara na makanisa yao. Morse Road na Cleveland Avenue utapata nyama ya mbuzi halali, nyama ya ngamia, nazi ya kukunwa kwenye friza, kila kitu. Wapo, lakini hawatakugongea mlango. Huku nyumba ziko mbali mbali na kila mtu yuko ndani ya gari lake, ukingoja kukutana na mtu kwa bahati kama kwenye ngazi za Jersey utangoja mpaka uzeeke.

Shule sitasema mengi, watoto wamezoea haraka kuliko sisi. Baridi nayo utaizoea, kinachochosha ni mawingu, kuanzia Novemba mpaka Machi mbingu ni ya kijivu kama kaniki iliyofuliwa sana, kunywa vitamini D. Na kuna king'ora. Wiki ya kwanza, Jumatano saa sita mchana, ikalia honi ya jiji zima, nikawabeba watoto nikakimbilia besimenti, tukakaa kule gizani nasoma Ayatul Kursi moyo unanipiga. Kumbe kila Jumatano saa sita wanajaribu king'ora cha kimbunga. Nakuambia mapema usije ukapata mshtuko niliopata mimi.

Nyumba tuliinunua mwishoni mwa 2022. Kwa wanaoogopa riba kama sisi, zipo kampuni zinazonunua nyumba pamoja na wewe halafu unanunua sehemu yao kidogo kidogo, ulizia mapema maana makaratasi yake ni mengi na wanataka kuona historia ya kazi. Lakini usidhani ukishanunua bei imesimama. Mwaka 2023 kaunti ilifanya tathmini mpya na thamani ya nyumba za makazi ikapanda kwa wastani wa karibu asilimia 40, na ushuru wa nyumba unafuata hapo, mwaka uliofuata malipo yetu ya mwezi yakaongezeka dola 190. Tena Januari 2022 kampuni ya Intel walitangaza kujenga viwanda vya chipu za kompyuta nje kidogo ya mji, dola bilioni 20, basi wawekezaji wakamiminika kununua nyumba, kodi zikapanda, na chipu zenyewe sasa wanasema labda 2030 au 2031. Ile nyumba yetu ya 1,180 juzi nimeona inapangishwa 1,750. Anayekwambia Columbus ni bure alikuja miaka kumi iliyopita.

Jambo jingine ni safari za nyumbani. JFK ulikuwa unapanda Kenya Airways moja kwa moja mpaka Nairobi, huku lazima uunganishe, na ndugu wakija Marekani wanaishia New York, hawafiki kwetu. Miaka minne nimetembelewa mara mbili. Tena usihame ukiwa umegombana na watu wako, wala usihame ili uwaonyeshe, maana utakapofika huku hakuna wa kumwonyesha. Hama kwa sababu umepiga hesabu yote, kodi, mshahara, magari mawili, ushuru wa jiji, nauli ya nyumbani, na ukabaki na kitu. Sisi tumebaki. Kila mwezi tunabaki na kama dola mia sita ambazo Jersey hatukuwa nazo, na mtoto wangu mkubwa ana chumba chake na mlango anaoufunga. Ningeambiwa nichague tena ningekuja, ila ningekuja nikiwa na cheti tayari, gari tayari, na namba za simu za watu watatu.

Sasa dadangu wa Brooklyn, usije Julai. Julai kila mtu anapapenda, kuna majani, kuna barabekyu, watoto wanacheza nje mpaka saa tatu usiku. Njoo Februari, wiki moja, bila watoto. Kodi gari, endesha mwenyewe asubuhi kwenye barafu mpaka mahali unapotaka kufanya kazi, uone. Besimenti yangu ina kitanda na hita, na yule mama nitakupeleka ukamwamkie. Niambie tarehe mapema tu nipange shifti, nije nikuchukue uwanja wa ndege.