Muuzaji wa Bunduki Akikwambia “Utazoea”

Jumamosi kiwanjani nilivunja visahani 23 kati ya 25, vile vinavyorushwa hewani tuvipige kwa bunduki. Naanza na hilo makusudi, kwa sababu miaka minne iliyopita, raundi yangu ya kwanza kabisa, nilivunja viwili, na kimoja kati ya hivyo naamini kilikuwa na ufa tangu kiwandani.

Nilikuwa bado najipongeza, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, ujumbe wa msomaji ukaingia. Dada wa watu kanunua bunduki yake ya kwanza ya marisau, ile inayotema vichembe vingi kwa mpigo mmoja, wiki ya tatu hii anaenda nayo kiwanjani, bega limevilia damu hadi karibu na kwapa. Karudi dukani kuuliza kama kuna kitu anakosea. Muuzaji kamjibu, “Utazoea, dada.”

Nilipolisoma hilo neno kiatu kikanitoka mkononi. Nami niliambiwa hivyohivyo.

Duka langu la kwanza nilikwenda na mdogo wangu wa kiume. Yeye bunduki haijui hata ya kuchezea. Alikuja kwa sababu gari ni lake. Leseni ilikuwa yangu, pesa zangu, jina kwenye kila karatasi langu. Muuzaji akampokea yeye. “Karibu bosi, tunatafuta nini leo?” Mdogo wangu akaninyooshea kidole. Yule bwana akanitazama, akatabasamu, akarudi kulekule kwa bosi wake. “Aa, kumbe ni ya dada. Basi tumtafutie nyepesi.”

Akachukua bunduki ya mitutu miwili, mmoja juu ya mwingine, akanipitishia juu ya kaunta bila kuifungua. Mitutu ikapita mbele ya tumbo la mdogo wangu kama fimbo ya kuondolea utando wa buibui. “Haina kitu,” akasema. Pengine kweli haikuwa na kitu. Ila hakuangalia, na mimi niliona kwamba hakuangalia, na sikusema neno.

Hapo ndipo ninapojilaumu hadi leo. Niliingia pale nikiwa na hamu kubwa ya kuonekana mjuzi. Aliponiuliza, “Unapendelea choki gani?” nilijibu, “Yoyote iliyo nzuri.” Choki ni ule mbano wa mdomo wa mtutu unaoamua marisau yatatawanyika upesi au yataruka yakiwa yamekusanyika. Mimi sikujua hata kama ni kitu cha kushikika. Kwa bunduki ya 12 (namba ya upana wa mtutu, nitaieleza mbele) mbano mkali kabisa hauzidi milimita moja hivi, lakini hiyo milimita inatosha kumnyima mwanafunzi kila kisahani kinachopita karibu. Nikauziwa mbano mkali. Na risasi za gramu 36, yaani uzito wa marisau yaliyomo, “ili usikose nguvu.”

Hilo la nyepesi nalo. Bunduki nyepesi ikipiga risasi ileile inarudi nyuma kwa kasi zaidi kuliko nzito. Newton alishalimaliza zamani. Kumpa mgeni bunduki nyepesi na risasi nzito ukidhani unamhurumia ni kumkabidhi punda anayepiga mateke ukimwambia ni mdogo.

Wiki tatu za mwanzo sitazisimulia. Bega lilivimba, shavu likapata alama ya buluu chini ya jicho, kazini wakaanza kuniuliza maswali kwa sauti ya chini kuhusu hali ya nyumbani. Na nilikuwa nakosa upande mmoja, kushoto, kila mara kushoto.

Nikairudisha. Nilimweleza muuzaji kwa adabu kwamba nadhani kitako ni kirefu kwangu. Akasema, “Bunduki si viatu, dada, haina namba. Utazoea.” Akacheka. Kulikuwa na mteja mwingine pembeni anachagua mkoba wa risasi, naye akacheka. Muuzaji nilishamsamehe. (Sijamsamehe.) Ila kicheko cha yule mteja, mtu asiyenijua, ambaye hakuwa na faida yoyote ya kupata pale, hicho ndicho nilichorudi nacho nyumbani. Bunduki ikaingia kwenye kabati la chuma, nikafunga, ikalala miezi minane.

Katika hiyo miezi minane nilisoma sana, kwa hasira zaidi kuliko kwa kiu ya elimu. Nikakutana na habari za Zhang Shan wa China. Michezo ya Olimpiki ya Barcelona, 1992, mashindano ya kulenga visahani ya skeet yalikuwa ya wanaume na wanawake pamoja. Alipiga 200 kati ya 200 kabla ya fainali, akamaliza na 223 kati ya 225, akachukua dhahabu mbele ya wanaume wote. Miaka minne baadaye skeet ikawa ya wanaume peke yao. Wanawake walirudishiwa mwaka 2000, wakiwa na mashindano yao wenyewe. Niliisoma habari hiyo mara tatu, na kila mara nilikuwa namsomea yule bwana wa kaunta kichwani mwangu.

Duka la pili nilikwenda kuuza. Nilikuwa nimeshakata tamaa, nataka tu hicho chuma kitoke nyumbani. Nyuma ya kaunta alikuwepo mzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni.

Nilimkabidhi bunduki ikiwa kwenye mkoba. Akaitoa mitutu ikielekea ukutani, akaifungua, akatazama mtutu wa juu, akatazama wa chini, kisha akaingiza ncha ya kidole kidogo katika kila chemba, pale risasi inapokaa, kama mtu anayepima kisima gizani. Halafu akanigeuzia. “Angalia na wewe.” Nikamwambia nimeshamwona akiangalia. “Mimi nimeona. Wewe hujaona.” Nikaangalia. Siku hiyo ndiyo niliyojifunza kwamba mtu anayejua bunduki haoni aibu kuikagua, na wala haudhiki wewe ukiikagua tena sekunde mbili baada yake.

“Unauza kwa nini, mwanangu?”

Nikamwaga yote. Bega, shavu, kushoto, kicheko. Hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza akatoa tepu ya fundi cherehani mfukoni, akapima kutoka kwenye triga hadi mwisho wa kitako. Sentimita 37. Akaniambia nikunje kiwiko, akanipima na mimi, akaniweka bunduki begani, akazunguka, akachuchumaa, akatazama jicho langu lilivyokaa juu ya mtutu. “Wewe ni wa thelathini na nne na nusu,” akasema. Kumbe zina namba.

Kisha akanifanyisha mchezo. Nyoosha mikono yote miwili, kutanisha viganja ubaki na tundu dogo katikati, macho yote wazi, itazame saa ile ya ukutani kupitia hilo tundu. Nikaitazama. “Funga jicho la kushoto.” Saa ikapotea. “Fungua. Funga la kulia.” Saa ikawa palepale. Mimi natumia mkono wa kulia kwa kila kitu, na jicho langu linaloongoza ni la kushoto. Kwa hiyo kila nilipoweka bunduki bega la kulia na kufungua macho yote mawili, jicho la kushoto lilikuwa linajichukulia madaraka, na marisau yakifuata amri zake. Nilitumia wiki tatu nikidhani sina kipaji.

Dawa yake ilikuwa kipande cha selotepu. Kidogo, hakizidi ukucha, kimebandikwa kwenye kioo cha kushoto cha miwani ya shabaha, pale ambapo jicho hukutana na mtutu. Wengine huhamia bega la kushoto moja kwa moja, naye alinieleza hilo pia, akasema nichague. Nilichagua selotepu. Ninayo mpaka leo, nabadilisha kila ikikunjamana.

Bunduki akakataa kuinunua. “Haina kosa. Imekaa vibaya tu.” Alifupisha kitako sentimita mbili na nusu, ukihesabu na mpira laini aliofunga mwishoni, akaulegeza ule mbano wa mdomo, akaniuzia risasi za gramu 24. Nilipouliza kama hizo hazitakuwa za kitoto, akaniambia Olimpiki yenyewe hairuhusu kuzidi gramu 24. Nilitoka dukani kwake na bunduki ileile niliyokwenda kuiuza.

Basi ushauri. Wengi mnaoniandikia mnataka mfike nilipofika, na mnaniuliza ninunue aina gani, kampuni gani. Swali hilo liwekeni kando kwanza. Swali la kwanza ni nani anakuuzia. Mtazame mikono kabla ya kumsikiliza mdomo. Akikupa bunduki bila kuifungua na kukuonyesha kuwa ni tupu, sema ahsante, toka. Usibishane, usimfundishe, toka. Mtu asiyeangalia chemba mbele ya mteja hatakuangalia na wewe.

La pili ni hilohilo kwa sura nyingine: anauliza au anakuambia? Muuzaji wa kweli ana maswali. Unapigia wapi, umeshawahi kushika, mkono gani, jicho gani. Asiyeuliza kitu anauza kile kilichomkalia rafuni.

Na ukiulizwa usichokijua, sema hukijui. Ningesema “choki ni nini?” siku ile, ningeokoa miezi minane ya maisha yangu. Ujinga wa dakika moja kwenye kaunta si kitu. Ninyi vijana mnaojifanya mnajua kwa sababu mmeangalia video, nawaona, nawajua, nilikuwa mwenzenu.

Kuna mambo ambayo muuzaji mwema atakuambia bila kuombwa. Kwa mfano hizi namba, 12 na 20. Watu hudhani 20 ni kubwa. Asili yake ni gololi za madini ya risasi zenye upana wa mtutu: zile zinazoingia mtutu wa 12, ukichukua kumi na mbili zinatimiza ratili moja. Za mtutu wa 20 zinahitajika ishirini. Kwa hiyo 20 ndiyo nyembamba, milimita 15.6 kwa 18.5. Sasa, risasi ya 20 ikiingia kwa makosa kwenye bunduki ya 12, haitoki mbele na haibaki nyuma. Inateleza, inakwama ndani ya mtutu. Wewe unavuta triga, kimya, unafungua, unaona chemba tupu, unaweka ya 12 nyuma yake. Mtutu unapasuka na mkono wako uko hapo. Ndiyo maana viwanda vingi huzifanya risasi za 20 kuwa za njano. Mzee aliniambia hili hata kabla hajaniuzia pakiti moja, na mimi bunduki ya 20 sina.

Kwa mitumba, naye alinikalisha karibu saa nzima siku nyingine. Tenganisha mitutu, ining’inize kwa kidole, igonge taratibu kwa ukucha: ikilia kama kengele, iko salama kwenye maungio, ikilia kama debe lililopasuka, rudisha. Mulika ndani uone mashimo ya kutu. Tafuta mihuri ya ukaguzi chini ya mitutu, ile inayopigwa na nyumba za kujaribu uimara wa mitutu kama ya London, ambayo ina mamlaka hayo tangu 1637, au ya Birmingham, ya tangu 1813. Halafu uliza urefu wa chemba. Bunduki nyingi kuukuu zina chemba ya milimita 65, na risasi ya 70 itaingia humo bila shida yoyote, kwa sababu hiyo 70 hupimwa ganda likiwa limeshafunguka baada ya kupigwa. Itaingia, na itakapofunguka haina nafasi. Muuzaji akikwambia “si inaingia?” mtazame vizuri usoni ili usimsahau.

Namba iliyochongwa kwenye chuma ilingane na iliyo kwenye karatasi, tarakimu kwa tarakimu, kabla pesa haijatoka. Akisema karatasi zitafuata, hujapata muuzaji hapo, umepata kesi.

Wateja nasi tuna yetu, tusijitakase. Nimeona mtu kaingia dukani na bunduki imepakiwa, anataka kuonyesha kasoro. Nimeona mwingine anavuta triga ya bunduki asiyoimiliki bila hata kuomba, mdomo ukimtazama mtunza fedha. Ukitaka heshima ya kaunta, peleka yako kwanza. Mzee wangu huwa anamkabidhi mtu kama huyo kitambaa cha kufutia mafuta, ashughulike nacho, huku yeye akimtoa bunduki mkononi polepole.

Yule msomaji nilimjibu usiku uleule wa Jumamosi. Sikumwandikia yote haya. Nilimwambia achukue tepu apime kutoka kwenye triga hadi mwisho wa kitako, kisha afanye ule mchezo wa tundu la viganja. Kanijibu jana. Kitako sentimita 37 na nusu, yeye mwenyewe ni futi tano na inchi moja. Jicho linaloongoza ni la kulia, heri yake. Risasi alizouziwa ni za gramu 36. Nimemwambia atafute fundi bunduki mwenye msumeno mkali na subira, na kwamba akifika amtazame kwanza anavyofungua chemba.