Aliyetuma Naye Kaenda

Mwanangu,

Barua yako nimeipata kwa mkono wa yule kijana wa basi, pamoja na majani ya chai na dawa ya goti la baba yako. Ahsante sana. Goti linaendelea hivyohivyo, maana dawa anaisifu lakini haimezi. Migomba ya upande wa kisimani imeingiwa na mnyauko, tumekwishang'oa mashina sita.

Unaniuliza, tangu duka lenu life mwenzako anataka kwenda machimboni Geita, sasa umruhusu au umzuie. Nimekaa na swali lako siku tatu. Kila nikianza kulijibu najikuta Kyaka.

Habari ya Kyaka mmeikulia. Mwaka 1978, mwishoni mwa Oktoba, askari wa Amin walivuka mpaka, tukakimbia kutoka Bunazi usiku, kaka yako mgongoni kwangu, bibi yako na mbuzi wake. Tukavuka daraja la Kyaka, la mto Kagera. Halafu baba yenu, kwa ukaidi wake, akageuka kurudi kuchukua cherehani. Mmecheka weee, kila Krismasi, na wajomba zenu wanaongeza chumvi. Yeye hucheka pamoja nanyi, anajipangusa ndevu.

Mwanangu, ukaidi ule haukuwa wake. Nilimtuma mimi.

Tulikuwa tumekaa kando ya barabara, upande wa huku wa mto, watu wanapita na magodoro, na kuku, na wagonjwa kwenye baiskeli. Nikaanza kulia cherehani. Sikulia nyumba wala kahawa iliyokuwa imeanikwa uani, nililia cherehani, ile tuliyoinunua kwa mavuno mawili ya kahawa. Akaniambia tutanunua nyingine. Nikamjibu, "Kwa pesa gani? Huyu mtoto atakula nini?" Hapo ningenyamaza. Lakini nikaongeza, "Ningekuwa mwanaume mimi, sasa hivi ningekuwa nimeshafika." Hakusema kitu. Akavua koti lake akamfunika kaka yako, akaenda kinyume na watu wote wale. Nilimwona mpaka alipoingia darajani.

Tukasogea hadi Kamachumu kwa shangazi yako. Tarehe 2 Novemba tulijazana kwenye redio ya jirani, Mwalimu anasema uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Watu wakapiga makofi, wazee wakasimama. Mimi nilikuwa nahesabu siku. Kesho yake, tarehe 3, askari wa Amin wakalilipua daraja. Habari ilipotufikia bibi yako alikaa chini palepale alipokuwa amesimama, mlangoni.

Unajua nilichokuwa nafanya? Kila aliyeuliza, nilisema, "Karudi mwenyewe, mnamjua alivyo." Siku ya kwanza nilisema hivyo kwa woga wa mama mkwe. Siku ya tano nilikuwa karibu kuamini.

Alifika siku ya kumi na moja. Tope mpaka kifuani, midomo imepasuka, begani kichwa cha cherehani kimefungwa shuka. Miguu ya cherehani aliiacha. Alikuwa amejificha migombani, halafu kwenye mafunjo ya mtoni, mpaka mvuvi mmoja akamvusha kwa mtumbwi usiku, na mto Kagera una viboko na mamba, usidhani ni kijito. Bibi yako alimkumbatia, akamaliza kumkumbatia, akamuuliza mbele ya watu wote, "Nani alikutuma?"

Akanitazama. Si kwa muda mrefu. Akasema, "Kichwa changu."

Bibi yako akamwita mjinga, akasema kichwa kimetumwa kufuata kichwa, watu wakacheka kwa mara ya kwanza tangu tukimbie. Ndipo masimulizi yenu yalipozaliwa. Nami nilicheka, mwanangu. Hicho kicheko ndicho kinachoniwasha hadi leo kuliko hata yale maneno ya barabarani.

Siku zote nimesema, aliyetuma naye kaenda. Mmenisikia nikisema hata mkienda dukani. Sasa mnajua nilikoitoa.

Lakini tuseme ukweli mwingine. Cherehani ile ndiyo iliyotulea. Baada ya vita serikali ilituambia tufunge mikanda miezi 18, na ile mikanda ikakaa viunoni mpaka enzi za Mwinyi. Sukari unagawiwa kwa balozi wa nyumba kumi, sabuni hakuna, tunafulia majani ya mpapai. Khanga ukiiona kwa mtu unamuuliza ana ndugu gani mjini. Wakati huo mimi nageuza kola za mashati ya walimu, nashona kaptula za magunia ya unga, nalipwa maharage na mikungu ya ndizi. Baba yako aliitengenezea ile cherehani miguu ya mbao, ikawa inalia kama bata, lakini inashona. Wewe umebatizwa na gauni lililotoka kwenye pazia. Basi nilikuwa sahihi? Wakati mwingine, usiku, najiambia ndiyo.

Halafu namkumbuka jirani yetu wa Bunazi. Naye alirudi usiku uleule, kwa ajili ya ng'ombe. Mkewe alimshika shati, akalia, akamsihi asiende. Hakurudi, na ng'ombe waliswagwa wote kwenda Uganda. Yeye alizuia, mimi nilituma. Wangu alirudi na wake akafa. Sasa ninyi mliosoma nipigieni hiyo hesabu. Nilikutana na yule mjane sokoni miaka mingi, nilikuwa namshonea bure, na hakuwahi kujua kwa nini.

Kwa hiyo usiniulize umruhusu au umzuie. Mimi si mtu wa kuulizwa hilo. Ingawa, kwa kuwa umeuliza, nasikia huko Geita kuna wanaoshuka duarani, kwenye yale mashimo ya dhahabu, na kuna wanaosaga mawe kwenye karasha juu, na karasha halimfukii mtu. Ila vumbi lake nalo ni baya kwa kifua. Basi, nimenyamaza. Ila usimwambie lile neno la mwanaume. Akienda, aende kwa maneno mliyozungumza wawili mkiwa mmeshiba, siyo kwa neno moja la barabarani. Aliyetuma naye kaenda, na hurudi baadaye sana kuliko aliyetumwa.

Baba yako sijawahi kumwomba radhi. Mwaka jana nilijaribu, tukiwa tunamenya ndizi. Nikaanza, "Ile cherehani..." Akanikatiza, "Mkanda umekatika tena?" Kwa kweli ulikuwa umekatika.

Ukija mwezi ujao niletee mkanda wa cherehani kutoka Mwanza, ule wa ngozi, si wa plastiki. Na uje na vipimo vya kiuno na vya mguu vya mwenzako. Kama ni kwenda, asiende na suruali zile za dukani.

Mama yako