Dola 4 kwa siku ni wastani, si kikomo

Ndugu, unasema dola 4 kwa siku ndicho kikomo cha SNAP, msaada wa serikali ya Marekani wa kununua chakula. Hapana, si kikomo. Ulikuwa wastani wa msaada huo, kwa mtu mmoja kwa siku, miaka ile mwanasiasa Cory Booker alipofanya zoezi la kula wiki nzima kwa takriban dola 30, kama anayetegemea SNAP (Desemba 2012, akiwa bado meya wa Newark, jimbo la New Jersey). Asiye na kipato kabisa, anayeishi peke yake, wakati huo aliweza kupata hadi dola 200 kwa mwezi. Hesabu ya SNAP huchukulia kwamba kaya itatumia asilimia 30 ya kipato kinachobaki baada ya makato kununua chakula, kisha msaada unajazia. Ndiyo maana wastani unashuka chini ya kikomo.

Nimewahi kuwa keshia kwenye duka la vyakula Ohio. Kadi ya EBT, ambamo hela ya SNAP huwekwa, inapita kwa mchele, maharage, nyama, hata mbegu za kupanda bustanini. Inakataa sabuni, nepi na kuku wa moto aliyekwisha kuchomwa. Kuku yuleyule akishapoa na kuwekwa kwenye friji, inapita!

Ila wanaosema zoezi kama lile la Booker ni la maonyesho tu wana hoja kidogo. Mwigizaji Gwyneth Paltrow, naye akijaribu zoezi hilo mwaka 2015, alinunua ndimu saba katika dola zake 29, na siku ya nne akaacha. Hela ya SNAP huingia mara moja kwa mwezi, na kaunta hutulia sana wiki ya mwisho, hela ikiwa imekwisha; zoezi la siku saba haliwezi kufika huko.