Nimetunza minara ya simu tu: nirudi shule?

SWALI: Habari Mhandisi. Kwa miaka 9 nimetunza umeme wa minara 34 kati ya Masaka na Lyantonde, Uganda: jenereta, betri, rektifaya (kifaa kinachogeuza umeme wa gridi uweze kuchaji betri). Kampuni ilipopunguza watu, nami nikapewa barua. Nimeomba kazi sehemu kumi na moja bila jibu. Matangazo yanataka fundi wa sola, fundi wa mitambo ya maziwa, fundi wa hospitali. Mimi najua minara tu. Nirudi shule nisomee sola? Nilichobaki nacho ni cheti changu cha umeme na daftari la saa za jenereta na mafuta.
Fundi, Masaka

JIBU: Pole, ndugu yangu. Ila hilo neno "minara tu" ndilo linalokuponza. Mnara ni chuma, na chuma hakimwamshi mtu saa nane za usiku. Ulikuwa unalipwa ili umeme usikatike mahali pasipo na mtu, barabara ikiwa tope na gridi ikienda na kurudi itakavyo.

Sasa jiulize ni nani mwingine anayekosa usingizi kwa sababu hiyohiyo. Hapo jirani tu, kuanzia Lyantonde kupita Kiruhura hadi Mbarara, kuna vituo vya kukusanyia maziwa. Maziwa yanatakiwa yapozwe hadi nyuzi 4 hivi na yabaki hapo. Gridi ikikatika na jenereta ikagoma, tangi zima linachacha. Zahanati nazo zina friji za chanjo, ambazo lazima zikae kati ya nyuzi 2 na 8. Kwa meneja wa maziwa, usijitambulishe kama mtu wa simu. Mwambie jenereta yake itawaka. Lakini gesi na kompresa za kupoza ni ufundi mwingine. Kama huujui, sema huujui.

Kuhusu sola, nusu yake unayo tayari. Seli 24 za volti 2 ulizokuwa ukipima mnarani kupata volti 48 ni ndugu wa betri utakazozikuta kwenye mitambo ya sola. Kigeni kwako ni upande wa paneli, na hapo uwe na adabu. Paneli zikiungwa kwa mfululizo, volti za DC (umeme wa upande mmoja, kama wa betri) hufika mamia, na cheche ya DC haizimiki kirahisi kama ya AC (umeme wa gridi) kwa kuwa mkondo wake haupiti sifuri. Ukifunga breka ya AC hapo, umefunga moto. Mimi ningekushauri ujishikize kwa fundi mzoefu wa sola wiki kadhaa, hata kwa posho ndogo, kabla ya kulipa ada ya miaka miwili.

Barua yako ya maombi iandike upya. Ukiandika "fundi wa minara", msomaji anaona simu na kugeuza ukurasa. Andika hivi: "Nilitunza umeme wa vituo 34 visivyo na mhudumu; nilipima betri za volti 48 na kubadili seli zilizokufa, nilifanyia jenereta sevisi na kudhibiti mafuta." Ni kazi ileile, ila sasa hata mtu wa hospitali anajiona humo.

Karatasi mbili za kufuatilia. Kibali cha ufundi wa umeme hutolewa na mamlaka ya kudhibiti umeme, ERA. Kama huna, anza nacho. Pili, Sheria ya Ajira ya 2006 inakupa haki ya kuomba cheti cha utumishi kwa mwajiri uliyemwacha, kinachoonyesha muda na wadhifa wako. Sababu ya kuondoka haiandikwi humo mpaka wewe mwenyewe uombe.

Na lile daftari, nenda nalo kwenye usaili. Tafuta mnara mmoja ambao mafuta yalipungua baada ya wewe kubadili betri, ukunje kona ya ukurasa huo. Wakikuuliza unajua nini, ufungue hapo.