Oiseaux tristes ya Ravel: kazi iko kwenye nota ya kwanza

Kati ya vipande vitano vya piano vya Miroirs, alivyotunga Mfaransa Maurice Ravel mwaka 1904 na 1905, cha pili ndicho wanafunzi hukiendea kwa dharau. Oiseaux tristes (“Ndege wenye huzuni”) ni kifupi, kinakwenda taratibu, na mwanzoni nota zake ni chache. Hapo ndipo kinapowaumbua.

Kinaanza na mlio wa ndege: B-flati inapigwa, inarudiwa, kwa sauti ndogo sana. Kidole kikishuka kutoka hewani, sauti hutoka kali. Kikibonyeza kwa uoga, nyundo haifiki kwenye uzi na hakuna kinachosikika. Kiguse kibonyezo kwanza, ndipo ubonyeze hadi chini bila haraka. Kurudia ni habari nyingine. Kwenye piano ya kulala, yaani ile ambayo nyuzi zake zimelazwa, nyundo hujiweka tayari kabla kibonyezo hakijapanda chote, kwa hiyo unaweza kurudia nota kikiwa nusu ya njia. Piano ya kusimama kwa kawaida haina mtambo huo. Usipoachia kibonyezo kipande karibu chote, mlio wa pili unapotea. Kama unafanya mazoezi kwenye moja na utatumbuiza kwenye nyingine, omba nafasi ya kuijaribu mapema.

Pedali ya kushoto nayo ina mtego. Kwenye piano ya kulala husogeza nyundo pembeni zipige nyuzi chache, na rangi ya sauti hubadilika. Kwenye ya kusimama huzisogeza tu karibu na nyuzi: sauti inapungua, rangi inabaki ileile, na vibonyezo huonekana vyepesi ghafla.

Ravel alisema hawa ni ndege waliopotea katika msitu wa giza, saa za joto kali kabisa la kiangazi. Kwa hiyo akodi za chini, zile nota zinazopigwa kwa pamoja, zisivume. Ni joto, zikae palepale. Badilisha pedali ya kulia, inayorefusha sauti, pale besi inapobadilika, tena kwa kuinua nusu tu. Ukiibadilisha kila ndege anapolia, msitu unakatika vipande.

Kipande kina msururu wa nota za haraka: ujifunze kwa hesabu kamili, polepole, kisha uache metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo: mkono wa kushoto ushike mapigo, wa kulia upite juu yake. Kifungu huru cha karibu na mwisho, kisichofungwa na mapigo, wengi hukikimbiza kuonyesha vidole. Mimi naona ni kosa kubwa kuliko kukosea nota.

Jirekodi, simu ikiwa upande wa pili wa chumba. Ukisikia akodi kabla ya ndege, punguza mkono wa kushoto, usiongeze wa kulia.