Nikimchora anti na sebule yake, namcheka ama?

SWALI: Mwalimu niaje, mimi nasomea sanaa hapa Kisumu, nakaa Nyalenda. Nimechora anti yangu kwa sebule yake, ile ya vitambaa kila mahali mpaka juu ya TV, maua ya plastiki, saa kubwa ya rangi ya dhahabu, halafu kando yake nikamweka binamu yangu, kijana, amevaa gauni ya harusi ya anti na kope za kubandika. Lekchara akaangalia, akasema "hii ni kempu" akaenda zake. Amenisifu ama amenitusi? Na anti akiiona si atasema namcheka?

JIBU: Amekusifu nusu, kijana wangu. Kempu (kwa Kiingereza "camp") ni kupenda kitu kwa sababu kimezidi: rangi imezidi, pozi limezidi, mwenyewe anakiamini kupita kiasi. Mwandishi Susan Sontag wa Marekani aliiandikia insha 1964, pointi 58, na ile watu husahau ni kwamba alisema ndani yake kuna upendo, yaani unacheka ukiwa upande wa huyo mtu. Tena alitenganisha kempu ya mtu ambaye hajui na ya mtu anayefanya makusudi. Anti alibeba hiyo saa kutoka soko la Kibuye akimaanisha kabisa, anaipangusa kila Jumamosi, hapo hakuna mchezo. Wewe ndio unajua, kwa hivyo ikiharibika, kosa ni lako. (Na usidhani kempu ni nyadhi yetu, zile mbwembwe za Wajaluo, mtu wa nyadhi hataniani na suti yake.)

Angalia wasanii wawili, Pierre et Gilles wa Ufaransa, wako pamoja tangu 1976, mmoja anapiga picha mwingine anapaka rangi juu yake, na yeyote wakimshika, hata baharia, anatoka kama mtakatifu, maua kila upande. Huo mwanga wa utakatifu mpe anti. Ukimchora hivyo kila uzi wa kitambaa utaonekana umeuheshimu.

Mahali mimi na Sontag tunakosana ni pale alisema kempu haina siasa. Aki hii kitu ilikuzwa na mashoga waliokuwa wanaishi kwa kujificha, utani na mapozi ndio ilikuwa lugha yao ya kujuana. 2019, tarehe 6 Mei, jumba la makumbusho la Met kule New York likafanyia kempu sherehe, mwigizaji Billy Porter akaingia amebebwa na wanaume sita, mabawa ya dhahabu, dunia nzima ikapiga makofi, halafu tarehe 24 mwezi huo huo Mahakama Kuu yetu Nairobi ikakataa kufuta kifungu cha 162, kile cha sheria ya jinai kinachotumika dhidi ya mashoga. Kwa hivyo binamu ndani ya gauni si ua la plastiki, muulize kama anataka sura yake ijulikane, akikataa mshushie veli mpaka kidevuni, na kusema ukweli picha itanoga zaidi.

Anti mwite aione kabla ya lekchara kurudi. Akilalamika umesahau pazia zake mpya, ziongeze.